Kopo la Kombolela

1

Ushanga wa kwanza alioupata Shomari ulikuwa mwekundu. Nilipomwambia kwamba ule ulikuwa moyo wake mwenyewe, jana saa nne asubuhi, alipokuwa akikimbizwa na bata wa jirani, aliutia mdomoni.

"Toa, Shomari! Hauliwi huo."

"Si moyo wangu?"

"Ni wako."

"Basi naurudisha."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana miaka yote niliyosomea ubunifu haikunifundisha namna ya kumjibu mtoto wa miaka sita aliyesema jambo la haki. Nikaandika kwenye daftari langu: wanaelewa kuwa ni vyao. Nikapigia mstari chini yake.

Naitwa Mwasiti Mloka. Watoto wa shule ya awali ya Kilongo, hapa Morogoro, waliniita Anti. Kazi yangu ilikuwa kuwaelewesha jambo ambalo hata wazazi wao walikuwa wakilikwepa: kwamba ile bangili waliyovishwa kliniki siku ya chanjo ya kwanza, ile isiyovuliwa mpaka mtu atimize miaka kumi na minane, haikai bure mkononi. Inasikia sauti. Inahesabu mapigo ya moyo na saa za kulala. Inajua mtoto yuko wapi. Kila jioni hupeleka vyote hivyo kwenye Ghala, na Ghala halisahau kitu.

Mwaka ule, 2068, ilipitishwa Sheria ya Kufuta. Kila mtoto, hata wa chekechea, alipewa haki ya kuliamuru Ghala lifute jambo lake moja kwa wiki. Sheria nzuri kabisa, ya kupigiwa makofi. Lakini mwambie mtoto wa miaka sita habari za taarifa zake binafsi uone atakavyokukodolea macho, kisha aombe ruhusa ya kwenda chooni. Ndipo Dokta Adventina Kagaruki, mkuu wa Kituo chetu cha ubunifu na mwalimu wangu tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, aliponiita ofisini na kuniambia, "Mwasiti, hebu watengenezee kitu cha kushika."

Nikatengeneza kinu. Mtoto anaingiza mkono wenye bangili, kinu kinanguruma kidogo, kisha kinatema shanga za jana yake kwenye sinia: nyekundu za moyo, bluu za mahali alipokwenda, nyeupe za usingizi, njano za sauti. Ushanga wa njano ukiuweka sikioni, unasema. Siku mbili za mwanzo hatukufanya kazi nyingine. Watoto ishirini na wawili walikaa na shanga masikioni, wakijisikiliza wanavyolia, wanavyoimba, wanavyowasingizia wadogo zao.

Kopo halikuwa wazo langu. Sisi wa Kituo hatuwapelekei watoto kitu kilichokwisha kutengenezwa. Tunawapelekea kamba, makopo matupu, gundi na maswali, halafu tunanyamaza. Ndiyo kanuni yetu ya kazi, na nilijivunia sana kuifuata. Siku ya tatu nikawauliza, "Kama kuna ushanga hutaki mtu mwingine aujue, tuufanyeje?"

Mmoja akasema tuuzike. Shomari, bila shaka, akasema tuumeze.

"Tucheze kombolela," akasema Kalista.

Kalista alikuwa msichana mdogo wa umbo, kichwa kimenyolewa vizuri, mwenye tabia ya kukutazama mikono kwanza kabla hajakutazama usoni. Aliishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Veneranda, wawili tu. Haongei sana, lakini siku ile aliongea. Alisema shanga zimekamatwa. Zikae kwenye kopo, kama waliokamatwa. Halafu mtu anatoka mafichoni mbio, anapiga kopo teke, anasema "Kombolela!", na zote zinakuwa huru.

Nilikaribia kulia. Kwenye ripoti niliandika kurasa nne juu ya maneno yale machache.

Wakajiwekea na sheria. Kila mchezaji lazima atie ushanga wake koponi. Asiye na ushanga hachezi. Likabaki suala la nani alinde kopo. Wakatazamana. Kalista akaninyooshea kidole.

"Anti. Yeye hana bangili."

Ni kweli, mimi nilizaliwa kabla ya bangili. Sikuwa na ushanga hata mmoja. Nikakubali kazi ya kulinda kopo, na nakiri kwamba nilivimba kichwa. Niliona wameniamini kuliko walivyomwamini mtu yeyote.

Karakana ya Kituo ikalitengeneza kopo kutokana na michoro ya watoto. Kwa nje lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani lilikuwa na sakafu inayofunguka linapopigwa teke, shanga zikaangukia chini kwenye tumbo la kopo, zikasomwa, zikasagwa, na Ghala likapokea amri: futa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo nilivyowaambia.

Teke la kwanza alipiga Shomari. Watoto walishangilia mpaka Mwalimu Fidea, mwalimu wa darasa lao, akaja kuchungulia. Ila Kalista aliliokota kopo, akalitikisa karibu na sikio lake.

"Anti, mbona zinalia ndani?"

Nikampigia Dokta Kagaruki palepale, nikiwa nimesimama uwanjani. "Ni chenga tu," akanijibu. "Waambie ni chenga za kusagwa zimebaki."

"Ni chenga," nikawaambia.

Kalista akanitazama mikono, akaliweka kopo chini.

Wiki ya tatu alinijia amefumba ngumi. Akaifungua kidogo tu, nikaona rangi ya njano.

"Huu usiusikilize."

"Siusikilizi."

"Hata ukiwa peke yako."

"Hata nikiwa peke yangu, Kalista. Naapa."

Akautia koponi. Akaenda hadi kwenye ukuta wa choo, mbali kabisa, akaja mbio na kulipiga kopo teke ambalo sikujua linaweza kutoka kwenye mguu mdogo vile. Kopo likagonga nguzo ya bendera. "Kombolela!" Kisha akasimama pale akihema, mikono kiunoni, anatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake yote.

2

Siku tisa baadaye nafasi yake kwenye mkeka ilikuwa tupu.

"Hujasikia?" Mwalimu Fidea aliniuliza. "Jana saa sita wamekuja watu wa Idara ya Malezi na gari. Wamemchukua. Eti bibi yake hawezi tena kulea."

"Nani kasema?"

"Ndiyo nashangaa na mimi. Mimi mwalimu wake nilikuwa sijui. Majirani wanasema walikuwa hawajui. Yule mama hatoki nje sana, lakini ukimpitia anakusalimu vizuri tu."

Nikaacha kinu, nikaacha watoto, nikaenda.

Bibi Veneranda alikuwa amekaa kibarazani anachambua choroko kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa haikosei, jiwe kushoto, choroko kulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia. Akanikaribisha ndani, akanionyesha kiti. "Kalista yuko shule," akasema. "Saa sita anarudi. Nimemwekea uji."

Uji ulikuwepo kweli, kwenye bakuli la bluu lililofunikwa kwa sahani. Ulikuwa wa jana, umeganda. Na nyuma ya bibi, kwenye jiko la gesi, sufuria isiyo na kitu ilikuwa inaungua, chini yake pamekuwa pekundu. Nikakimbia kuzima. Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyevamiwa nyumbani kwake.

"Wewe ni wa nani?"

Ni wakati ule, mkono wangu ukiwa bado kwenye swichi ya jiko, ndipo nilipoona kamba. Swichi ilikuwa imefungwa kamba nyekundu. Kwenye mlango wa uani kulikuwa na kamba nyeupe. Ndoo ya maji ilikuwa na bluu. Kwenye ukuta, kwa urefu wa mtoto wa miaka sita, mtu alikuwa amebandika picha alizochora mwenyewe: jiko lenye alama ya kukataza, ndoo, kitanda, na picha ya msichana mwenye kichwa kilichonyolewa, kamba ya njano imegundishwa shingoni mwake.

Kamba zangu zile. Gundi yangu. Kalista alikuwa amechukua kazi yetu ya darasani akaenda kuibunia nyumba nzima, ili bibi yake aendelee kuishi ndani yake na mtu yeyote asijue. Nyekundu nadhani ilikuwa na maana kwamba kabla ya kwenda shule anahakikisha jiko limezimwa. Sasa mwenye kuhakikisha hakuwepo.

Nilikaa na bibi mpaka mjukuu wa jirani alipokubali kushinda naye. Aliniuliza mimi ni wa nani mara tano, kila mara kwa adabu ileile. Nikatoka pale nikipiga hesabu, na hesabu ilikuwa fupi mno. Majirani hawakujua, na mwalimu hakujua. Kalista hakumwambia mtu. Aliliambia kopo.

3

"Kaa, mwanangu," alisema Dokta Kagaruki. Hakuficha chochote, hilo namkubalia. Alikigeuza kioo cha kompyuta yake upande wangu na kuniacha nisome.

Juu kabisa paliandikwa: IMEFICHWA NA MTOTO. KIPAUMBELE CHA KWANZA. Chini yake yakafuata maneno ya ushanga wa njano, yale niliyoapa kutoyasikiliza.

*Wewe mtoto ni wa nani? Nani kakuingiza humu?*

*Ni mimi bibi. Kalista.*

*Simjui Kalista. Toka.*

*Haya bibi. Natoka nje, nahesabu mpaka ishirini, halafu narudi. Utakuwa umenikumbuka.*

*Toka!*

*Moja. Mbili. Tatu.*

Ushanga uliendelea mpaka ishirini. Mtu wa Ghala alikuwa ameandika kila tarakimu.

"Uliniambia zinafutwa," nikasema.

"Nilikuambia uwatengenezee kitu cha kushika."

"Dokta!"

"Sikiliza, Mwasiti, kabla hujapandisha sauti. Ghala linasikia watoto milioni kumi na tisa. Kila siku. Vilio, vicheko, ugomvi, kukohoa. Halijui kipi ni kikubwa na kipi ni upuuzi, na hakuna mashine iliyoweza kulifundisha. Anayejua ni mtoto mwenyewe. Kile anachotaka kukificha ndicho kikubwa. Tulikuwa tunatafuta namna ya kumfanya mtoto atuonyeshe kwa hiari yake, na wewe ukatuletea kopo."

"Wao ndio walioleta."

"Ndiyo maana linafanya kazi."

Akanionyesha orodha. Katika wilaya tano walikokwisha kulinakili kopo letu, makopo yalikuwa yamefichua watoto arobaini na mmoja. Wawili walikuwa wanapigwa kwa kuni. Mmoja alikuwa anafungwa kamba mama wa kambo akienda sokoni, na ushanga alioutia koponi ulikuwa wa bluu: alama ya mahali palepale, kwa saa tisa mfululizo. "Huyu naye tungemfutia?" akaniuliza. "Na yule bibi? Umekwenda kule, najua umekwenda. Jiko ulilikutaje?"

Nilikuwa bado naiona ile sufuria.

"Ungependa tungoje moto?"

"Ningependa tungewaambia ukweli."

"Wangekuwa wanaficha tena? Wangekuwa na kopo?" Alisema kwa upole, kama alivyokuwa akinisahihishia kazi zangu za chuo kwa penseli ili nisione aibu ya kalamu nyekundu. Kisha akafungua ukurasa mwingine. Mkataba wa mradi, kipengele cha kumi na saba, matumizi ya vitu vilivyofichwa kwa ajili ya ulinzi wa mtoto. Chini yake sahihi yangu.

Niliikumbuka siku ile. Aliniletea karatasi pamoja na chai ya tangawizi, akasema tia sahihi hapa na hapa, tuwahi. Nikatia bila kusoma, kwa sababu aliyeniletea ni yeye. Mwanamke huyu alinifundisha kazi, alikuja kwetu kunizikia baba yangu, akalala chini na wanawake wengine siku tatu. Ningemsoma vipi? Nilimchukia pale ofisini kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu nisiyempenda. Alinipiga changa la macho, halafu akanikabidhi mchanga wenyewe niwamwagie watoto.

"Jumamosi ni uzinduzi," aliendelea. "Mgeni rasmi anatoka wizarani, kopo linakwenda nchi nzima. Katika filamu zetu zote hakuna teke zuri kama la Kalista, kwa hiyo nimeagiza aletwe alipige. Ikipita salama, Jumatatu namrudisha kwa bibi yake, na mlezi wa kushinda nao pale nyumbani. Uwezo huo ninao, unajua. Ukifungua mdomo, mradi unakufa, mimi naondoka, na faili lake linafuata njia ya kawaida. Dodoma kuna familia imeshamwomba."

Nikatoka bila kuaga. Hakunifuata kunitaka jibu. Alikuwa amekwisha kulipata, na kweli nilikuwa nimekubali.

4

Jumamosi walifunga maturubai uwanjani Kilongo, wakapanga viti, wakaleta maji ya chupa na spika mbili. Kopo liliwekwa katikati kwenye meza yenye kitambaa, mpaka Shomari akauliza kama kombolela siku hizi inachezewa mezani, wakaliteremsha chini.

Bibi Veneranda alikuwepo. Dokta Kagaruki alikuwa amemfuata kwa gari, akamvisha vitenge vipya, akamkalisha mstari wa pili ili aonekane kwenye picha. Alimuuliza kila aliyepita, kwa adabu, yeye ni wa nani.

Kalista aliletwa na mama mmoja wa Idara ya Malezi. Alikuwa na gauni la kola nyeupe na viatu vilivyomzidi. Nikamsogelea.

"Hujambo, Kalista."

Alinitazama mikono. Akaendelea kuitazama mpaka nikaiweka nyuma ya mgongo.

Nilikuwa nimejipanga. Siku nne nilikuwa nimejiambia mambo yaleyale: ni teke moja tu. Apige, wapige makofi, Jumatatu atakunywa uji kwenye bakuli lake la bluu. Mengine nitayasema baadaye, taratibu, kwa njia zinazofaa. Watoto wengine ishirini na mmoja waliotia siri zao mle, nao nitawapigania baadaye. Nilikuwa na baadaye nyingi sana wiki ile.

Hotuba zikasomwa. Mgeni rasmi, mama mtaratibu mwenye miwani, akasema taifa limepata njia ya kumpa mtoto mamlaka juu ya mambo yake mwenyewe. Kisha mshereheshaji akaita, "Na sasa, binti yetu Kalista!"

Wenzake wakaanza. "Piga! Piga! Piga!"

Kalista hakurudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa choo. Hakukimbia. Alitembea hadi kwenye kopo, viatu vikimpwaya, akainama na kuliokota kwa mikono miwili. Akalipeleka kwenye kipaza sauti kilichokuwa kwenye stendi yake, akalitikisa.

Spika zote mbili zikatoa mlio. Ulikuwa mlio wa vitu vizima, vya mviringo, vingi, vinavyogongana.

Watoto wakanyamaza. Watu wazima walicheka kidogo, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Kalista akalitikisa tena, kisha akageuka kunitafuta mimi.

"Anti," akasema, na sauti yake ndogo ikaenea uwanja mzima. "Hizi ni chenga?"

Nilimwona Dokta Kagaruki mstari wa mbele. Alikuwa akinitazama bila wasiwasi, na akaitikia kwa kichwa taratibu, ndiyo, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyesahau jibu. Nyuma yake nilimwona Bibi Veneranda amekaa wima, anatabasamia kila mtu. Neno moja tu. Nilikwisha kulisema mara moja, na mara ya kwanza halikuniuma. Nikilisema tena, Jumatatu mtoto anarudi kwao. Nisiposema, ninamchukulia nyumba yake mara ya pili, safari hii kwa macho makavu. Na yeye hakuwa ameniuliza habari za nyumba. Aliniuliza kitu kilichokuwa mikononi mwake, kile nilichomfundisha kwa wiki nne kwamba ana haki ya kukijua.

"Hapana," nikasema. "Siyo chenga."

"Ni nini?"

"Ni shanga zenu. Zote. Hazijafutwa, Kalista. Hata mmoja. Kila ushanga mlioupiga teke ulisomwa, habari zake zikapelekwa kwa watu, wakausikiliza. Na wako waliusikiliza. Ndiyo maana walikuja kukuchukua."

Sijui nilitegemea nini. Labda alie. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe, akakaa chini vumbini na gauni lake la kola nyeupe, akaanza kufungua kitako cha kopo kwa kucha. Shomari akaja na kijiko alichokitoa sijui wapi. Kitako kikafunguka. Shanga zikamwagika: nyekundu, bluu, nyeupe, njano, makumi kwa makumi, hazina hata mkwaruzo.

Hapo watu wazima ndipo walipoanza kupiga kelele. Mzazi mmoja alimvaa mshereheshaji, mwingine akakamata kinu. Mgeni rasmi alisimama na kumuuliza Dokta Kagaruki swali ambalo sikulisikia, na mwalimu wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawa anatafuta maneno. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi hata kidogo, nilimwonea huruma na bado nilimchukia.

Watoto hawakuwa na habari nasi. Walikuwa wamepiga duara, wanachagua. Kila mmoja anauweka ushanga wa njano sikioni, anasikiliza, kama siyo wake anampa mwenyewe. Hawakusikiliza zaidi ya neno la kwanza. Hakuna mtu aliyewafundisha hilo.

Nikapiga magoti karibu yao. "Kalista. Nisamehe, mama. Nilidanganywa, na mimi nikawadanganya."

Alikuwa ameupata wake wa njano. Akaufumba ngumini.

"Nitarudi kwa bibi?"

"Sijui. Nilikuwa nimeambiwa utarudi kama ningesema ni chenga."

Akafikiri. Naapa alifikiri kwa haki kabisa, kama hakimu, akinitazama usoni safari hii.

"Ngoja nikusaidie kuokota," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye shanga.

"Anti, wewe huchezi," akasema Kalista. "Wewe unalinda kopo."

Nikaurudisha mkono. Nimecheza kombolela utoto wangu wote, uwanja kama uleule, kopo kama lilelile, na kwa wiki nne haikunipitia akilini: anayelinda kopo ndiye anayewatafuta wenzake. Ndiye ambaye wanajificha asiwaone. Watoto walinipa kazi yangu siku ya tatu kabisa, mchana kweupe, nami nikaandika kwenye daftari kwamba wananiamini.

Mama wa Idara ya Malezi alikuwa anakuja na mkoba wake. Kalista alimwona. Akanyanyuka, akaenda mbio hadi mstari wa pili, akasimama mbele ya bibi yake.

"Bibi."

"Hujambo, mtoto mzuri. Wewe ni wa nani?"

"Haya," akasema Kalista. "Nahesabu. Moja. Mbili. Tatu."

Alihesabu bila kuharakisha. Alipofika saba, mama wa Idara akamshika mkono na kumwambia kwa upole kwamba wanachelewa. Hakugombana naye. Alikwenda kinyumenyume, mkono mmoja umeshikwa, ngumi nyingine imefumbwa, macho kwa bibi yake, akihesabu. Kumi. Kumi na moja. Viatu vikamvuka, vikabaki uwanjani. Kumi na sita aliisemea mlangoni mwa gari. Kioo kikapanda. Zilizobaki nilizisoma midomoni mwake tu, mpaka gari lilipogeuka kona ya shule.

Bibi Veneranda alikuwa ameinuka. Alitembea polepole mpaka getini, kitenge kipya kikiburuzika, nami nikamfuata ili asivuke barabara. Akaegemea nguzo ya geti, akaiangalia barabara ilikoelekea gari.

"Kalista!" akaita, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliye uani. "Kalista, mama, uji wako unapoa!"

Watoto walikuwa kule katikati ya uwanja, kwenye shanga zao. Getini tulikuwa wawili tu, mimi na bibi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na bangili ya kuusikia mwito ule.